Tairi la Theluji Chini ya Gari ya Pemba

Hotuba kwa madereva na wenye gari, Chake Chake, kuelekea masika

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, madereva wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, ingieni ndani, nafasi bado ipo. Nakushukuruni kwa kuniita. Nimeombwa niseme juu ya matairi ya hizi gari za juu, RAV4, Harrier, X-Trail, Escudo, Forester na wenzao, ambazo siku hizi zimejaa Unguja na Pemba. Na nimeombwa nijibu suali moja ambalo wengi wamelisoma kwenye simu zao likiulizwa na watu wa Ulaya na Marekani: mwenye gari kama hii anunue tairi la joto, la baridi, au la msimu wote?

Jibu nalitoa mwanzo. Tairi la baridi halina kazi visiwani kwetu, na likiwa chini ya gari yako livue. La joto na la msimu wote yote mawili yanafaa, kwa masharti ambayo nitayaeleza. Lakini kilichonifanya nikubali kusimama hapa ni hilo la kwanza, kwa sababu nimepita kule nje kabla ya kuingia, nikainama kwenye gari zenu, na gari zilizovaa tairi la theluji zimo. Wenyewe hamna habari, na sikulaumuni, hakuna aliyewahi kukuambieni.

Tuanze kwa kuelewa kwa nini tairi hilo lilitengenezwa. Mpira wa tairi una tabia ya samli. Samli hiyo hiyo, wakati wa kipupwe inaganda kwenye kopo mpaka uichote kwa kijiko, na wakati wa kaskazi unaimimina. Kwenye nchi za baridi, joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, tairi la kawaida huanza kukakamaa, likakosa kuishika barabara hata kama hakuna theluji. Ndipo wataalamu wakachanganya mpira wa namna nyengine, wenye unga wa madini uitwao silika kwa wingi, ambao unabaki laini hata maji yakiganda njiani. Juu ya mpira huo wakachanja mikato myembamba mno, mamia kwa mamia, ili kila ukingo wa mkato ung'ang'anie theluji na barafu.

Kule kwao tairi hilo linaokoa roho za watu. Jimbo la Quebec, Canada, sheria inalazimisha kulivaa kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi. Sweden, barabara zikiwa katika hali ya baridi, ni lazima kuanzia tarehe 1 Disemba hadi 31 Machi. Ujerumani hawakuweka tarehe, wameweka hali: barabara ikiwa na barafu au theluji, usitoke bila ya tairi linalostahili, na tangu Oktoba 2024 linalokubalika ni lile lenye alama ya mlima na theluji peke yake. Basi kijana wako aliyeko huko akikupigia simu akakwambia ametumia fedha nyingi kununua matairi ya baridi, muombee dua, amefanya la maana.

Sasa turudi kwetu. Usiku wa Julai, kipupwe kimeshika, mzee anatafuta koti la kwendea msikitini alfajiri, na hewa bado ina nyuzi 20 na kitu. Mchana wa Februari hewa inapita nyuzi 30, na lami iliyopigwa na jua tangu asubuhi inapita 50. Ule mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye barafu, juu ya lami hiyo unalegea. Ukikanyaga breki, vile vipande vya mpira vinajipinda na kuyumba kwa sababu vimechanjwachanjwa, na gari inasogea mbele kabla ya kushika. Ukikata kona unasikia kama sehemu ya nyuma inachelewa kukufuata. Na gari ya juu ni nzito, uzito wake uko juu, kwa hiyo kila udhaifu wa tairi unaonekana zaidi kuliko kwenye gari ndogo.

Mtu ataniambia, sawa fundi, kwenye jua limelegea, lakini kwenye mvua si litafaa, maana theluji nayo ni maji? Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mifereji ya tairi la theluji imepangwa kwa ajili ya kukamata theluji na kunyonya utando mwembamba wa maji juu ya barafu. Mvua ya masika inayoteremka kwa ndoo ni jambo jengine kabisa. Japani, ambako ndiko yanakotoka mengi ya matairi haya, madereva wanaonywa kwamba kwenye lami iliyorowa tairi la theluji linahitaji masafa marefu zaidi kusimama kuliko tairi lao la kawaida. Fikirini mteremko wa kushukia bandarini Mkoani, mvua inapiga, mbele yako kuna mtu na baiskeli yenye shehena ya ndizi. Masafa hayo marefu utayatoa wapi?

Yamefikaje hapa? Gari zetu nyingi tunazinunua Japani zikiwa zimetumika. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na majirani zake, theluji ni nyingi sana. Zamani walikuwa wakitumia matairi yenye misumari, lakini misumari ile ilikwangua lami na kujaza vumbi mijini, watu wakawa wanaumwa, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1990 ya kuyaondoa. Tangu hapo wanatumia tairi la theluji lisilo na misumari. Gari ikipelekwa mnadani wakati wa baridi, au mwenyewe akiwa amebakisha matairi hayo tu, inauzwa nayo, inapakiwa meli nayo, na inateremka kwetu nayo. Hakuna anayeyavua njiani.

Kuna na njia ya pili, na hii naomba muisikilize vizuri kwa sababu inawahusu wanaonunua matairi ya mtumba. Tairi jipya la theluji lina kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, ndefu kuliko tairi la kawaida. Wajapani wana kanuni yao kwamba kashata ikishalika nusu, tairi hilo halifai tena kwenye theluji, linatolewa. Wameweka na kidato cha mpira ndani ya mfereji kuonesha kwamba nusu imefika. Sasa tairi lililotolewa kule kwa sababu limeisha, likija huku bado lina kashata ya kutosha machoni mwetu. Muuzaji analipiga kofi, anakwambia, tazama hii, Mjapani, kashata nzima! Na wewe unatazama, kweli kashata ipo, unalipa. Umenunua tairi lililotupwa, limetupwa na watu wanaolijua.

Nisaidieni kunyanyua haya mawili niyaweke mezani. Ahsante. Hili la kulia ni tairi la kawaida, hili la kushoto ni la theluji, yote ni 225/65R17, ukubwa unaouona kwenye RAV4 na Harrier nyingi. Njoo, kijana, wewe mwenye kanzu, bonyeza kidole gumba kwenye kashata ya hili. Halafu hili. Umeona? La kushoto linabonyea. Mnaweza kuona huko nyuma hii mikato? Inapita juu ya kila kipande, imepindapinda, imekaribiana kiasi kwamba wembe tu ndio unaoweza kuingia. La kulia lina mifereji mikubwa minne inayokwenda moja kwa moja kuzunguka tairi zima, na mikato michache tu pembeni. Hiyo mifereji minne ndiyo njia ya maji.

Sasa ubavuni. Kwenye la theluji tafuteni neno STUDLESS, limeandikwa kwa herufi kubwa za Kizungu. Au tafuteni picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Hilo ni tairi lililojaribiwa kwenye theluji. Majina nayo husaidia: Blizzak ni ya Bridgestone, iceGUARD ni ya Yokohama, yote ya baridi. Tazameni pia ile herufi ya mwisho baada ya ukubwa. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana herufi Q, maana yake kikomo chake ni kilomita 160 kwa saa, wakati la kawaida la gari kama hizi mara nyingi lina S, T au H, yaani 180, 190 na 210. Simwambii mtu akimbize hivyo, Pemba hakuna pa kukimbilia. Lakini herufi hiyo inakueleza tairi linavumilia joto kiasi gani, na joto ndilo adui wetu.

Mtu mmoja kutoka Wete aliniletea Harrier yake iliyokuwa haijamaliza mwaka tangu kuteremka melini. Alisema kila mvua ikinyesha gari inaserereka kwenye kona moja, kona ile ile. Alikuwa ameshabadilishiwa pedi za breki, ameshabadilishiwa shokapu, na mtu mwengine alishamwambia gari yenyewe ina ila ya kiwandani, aiuze. Nilipoinama nikasoma ubavu wa tairi, nilimwita naye aje asome. Ukutani kwangu sasa yananing'inia matairi manne ya theluji, na yeye anapita kona yake bila ya kushika roho mkononi. Kinachoniuma ni fedha alizokwisha kuzitupa na hatari aliyokuwa akipakilia watoto wa skuli kila asubuhi, kwa kuwa katika mafundi wote waliomuona hakuna aliyetazama chini.

Basi tununue lipi? Tairi la joto hutaliona limeandikwa kuwa ni la joto. Wajapani wenyewe wanaliita tairi la kawaida, basi. Halina mlima, halina theluji, lina mifereji mikubwa ya maji na mpira unaostahimili jua. Kwa mtu wa mjini, kwa mtu wa Chake hadi Mkoani kwa lami, hilo linatosha.

La msimu wote limetoka zaidi kwa Wamarekani, ambao gari moja inapita joto na baridi isiyo kali bila ya kubadilishwa matairi. Mara nyingi utaona M+S ubavuni, yaani matope na theluji. Alama hiyo isikutishe. Haikupatikana kwa kujaribiwa kwenye theluji, ni mtengenezaji anaeleza namna kashata ilivyopangwa, na tairi nyingi za gari za juu zinayo hata zile zinazouzwa nchi za joto. Tairi la namna hii linafaa kwetu na mara nyingi linadumu. Lakini ukiona msimu wote pamoja na ule mlima wenye theluji, kama yanavyotengenezwa sasa kwa ajili ya Ulaya, hilo mpira wake umevutwa upande wa baridi. Halitakuangusha kama lile la Hokkaido, ila unalipia kitu ambacho Mungu hakukuletea.

Yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana msaada mwengine ubavuni: maneno TRACTION na TEMPERATURE, kila moja na herufi yake. La kwanza linaeleza tairi linavyosimama kwenye njia iliyorowa, daraja ya juu ni AA, kisha A, B na C. La pili ni kustahimili joto, A, B na C. Mimi kwa Pemba yenye vilima na mvua, sinunui chini ya A kwa yote mawili. Kuna na nambari ya TREADWEAR, ikiwa kubwa tairi linatarajiwa kudumu zaidi, na wengi wanakimbilia hiyo kwa sababu inahusu mfuko. Nakuombeni msiitangulize. Tairi lidumu miaka sita huku halikamati kwenye mvua, umepata nini?

Wenzetu wa mashambani, mnaopanda njia za udongo kwenda kwenye mikarafuu, mna haki ya kuuliza juu ya tairi lenye meno. Yapo ya namna mbili. Lile lenye herufi A/T, la njia mchanganyiko, ni zuri kwa mtu ambaye kila siku nusu ya safari yake ni udongo mwekundu uliorowa. Lile la M/T, la matope matupu, lina vipande vikubwa vilivyoachana, na kwenye lami ya mvua linagusa barabara kidogo sana. Vijana wanalipenda kwa umbo lake. Kama hulimi na gari, liache. Na kule Unguja upande wa kusini na mashariki, kwenye njia za mawe ya matumbawe, kinachokatwa ni ubavu wa tairi, na ubavu ukikatwa hauzibiki kwa pancha. Pale mwendo wa taratibu na tairi lenye ubavu mnene ndiyo dawa. Wale wanaovaa ringi kubwa na tairi la ubavu mfupi kama utepe, mawe yale yanawangoja.

Suala la upana nalo nilitaje, kwa kuwa masika yako mlangoni. Kuna kitu kinaitwa gari kuelea: maji yanakuwa mengi kuliko mifereji inavyoweza kuyatoa, tairi linapanda juu ya maji, na kwa muda huo huendeshi tena, unapelekwa. Utajua kwa usukani kuwa mwepesi ghafla. Usikanyage breki kwa nguvu, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulivyo, ngoja tairi ligonge chini. Tairi pana linaelea mapema kuliko jembamba, na lililolika linaelea mapema kuliko zima. Japani na Ulaya kikomo cha kisheria cha kashata ni milimita 1.6, lakini kwenye mvua kubwa nguvu yake inapungua tangu milimita 3. Kwa hiyo anayengoja mpaka lipate kipara, masika nzima ameshaendesha bila ya kushika chini.

Upepo. Tazameni kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa kiwango, mara nyingi kwa kPa. 220 ni sawa na 32 kwenye geji zetu za psi. Pimeni asubuhi, kabla ya gari kutembea. Nasikia bado wapo wanaopunguza upepo wakati wa jua kali wakiogopa tairi kupasuka. Ni kinyume. Tairi lililopungua upepo linajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakolipasha moto mpaka likapasuka. Msimu wa karafuu, magunia nyuma na watu wanne ndani, ukosefu huo wa upepo ndio unaomaliza matairi. Ile nambari 102 kwenye 225/65R17 102H maana yake tairi moja linabeba kilo 850, na linazibeba likiwa na upepo wake kamili. Ukiuziwa lenye nambari ndogo kuliko lililokuja na gari, kataa, hata kama linaingia kwenye ringi.

Na umri. Ubavuni, mwisho wa mlolongo unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua na joto la pwani vinaukausha mpira hata gari ikiwa imesimama. Baadhi ya watengenezaji gari wanataka tairi libadilishwe likifika miaka 6, na makampuni ya matairi yenyewe yanaweka miaka 10 kuwa mwisho, kashata iwepo isiwepo. Kwa tairi la mtumba msisahau kusoma tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei. Someni na za spea.

Bibi aliyekaa hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza, fedha zake zinatosha matairi mawili tu, afanye nini? Bibi yangu, kama gari yako inaendeshwa na magurudumu yote manne kwa wakati mmoja, nunua manne au ngoja mpaka yatimie. Mawili mapya na mawili yaliyolika hayazunguki sawa, na tofauti hiyo inalibebesha giaboksi na difu kazi isiyo yake. Ukarabati wake ni mara nyingi ya bei ya matairi. Kama inavutwa na mbele tu, mawili yanawezekana, na mapya yafungwe nyuma. Watu wanafunga mapya mbele kwa kuwa ndiko kwenye injini, lakini nyuma ikiteleza kwenye mvua gari inazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Ila usichanganye: mawili ya theluji na mawili ya kawaida kwenye gari moja ni vibaya kuliko yote manne kuwa mabovu kwa pamoja, maana breki ya mbele na ya nyuma hazitaelewana.

Nimemaliza niliyoitiwa. Tukitoka hapa tutapita gari kwa gari kule uwanjani, mimi na vijana wawili wa gereji, kuanzia ile X-Trail nyeupe iliyo karibu na geti. Tutatia alama ya chaki kwenye kila tairi la theluji na kila lililopita umri. Atakayekuta chaki kwenye gari yake asiendeshe kwa haraka kurudi nyumbani, na asiondoke bila ya kuja kuzungumza nami.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.